Kipa wa Mashudu

Siku ile tulikuwepo mimi, Nyangeta, niliyekuwa mkubwa. Mdogo wangu Mafuru. Na kitinda mimba wetu Neema, ambaye Mafuru alikuwa amembeba mabegani. Hao ndio sisi tuliokuwa juu ya jiwe. Chini uwanjani alikuwepo baba yetu mdogo Magesa, golini, na Kulwa, kiongozi wa mashabiki, nyuma ya goli hilo hilo. Alikuwepo refa ambaye jina lake sikulijua, na mwenye kiwanda mpya, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli na kuondoka kabla ya mapumziko. Waliobaki walikuwa watu wa kiwandani, na wengi wao walinijua kwa jina la marehemu baba. Nawataja kwa sababu baadaye karibu kila niliyemsikia alisema hakuwepo.

Majuzi nilikwenda Magu kutafuta chakula cha mbuzi. Muuzaji alipofungua gunia la mashudu, ile harufu ya mbegu za pamba zilizokamuliwa, nzito, yenye mafuta na joto kama pumzi ya ng'ombe, ilinipanda kichwani nikakaa chini. Muuzaji alidhani nina malaria, akaniletea maji. Hiyo ndiyo harufu ya nyumba niliyozaliwa. Ilikuwa kwenye nguo za baba, kwenye mapazia, kwenye nywele zetu. Tuliishi kota za kiwanda cha mafuta ya pamba, na timu ya kiwanda ilikuwa na jina lake rasmi ambalo hakuna aliyelitumia. Mji mzima uliita ile timu Mashudu. Wapinzani walitutania wakisema, "Mashudu, nendeni mkawalishe ng'ombe," na sisi tulijibu kwamba ng'ombe wenyewe tumekwisha kuwaona, wamevaa jezi.

Wenye umri wangu mnakumbuka miaka ile. Viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa kimoja kimoja, na watu wanarudi nyumbani na barua ya kupunguzwa kazi mfukoni. Huku ufukweni vilikuwa vinafunguliwa viwanda vya minofu ya sangara. Minofu inapanda ndege, na sisi tunabaki na vichwa na mifupa, mapanki, tukiyakaanga kwa mafuta yake yenyewe. Baba alikufa kabla kiwanda hakijauzwa. Mama alimfuata, kwa ugonjwa ule ule ambao watu walikuwa wakiutaja kwa kupunguza sauti. Mama aliondoka asubuhi kwenda hospitali, akamwambia Neema, "Narudi sasa hivi." Hakurudi.

Kwa kawaida tulitakiwa tutoke kwenye kota wiki ile ile ya mazishi. Magesa ndiye aliyezuia. Alikuwa kijana wa Majita, kijiji kimoja na baba, na baba ndiye aliyemwombea kazi kwenye mashine za kukamulia. Hakuwa na mke. Alihama bweni la wanaume wasio na familia, akaja na godoro lake na glavu zake za ukipa, akamwambia msimamizi wa kota, "Hawa ni watoto wangu. Nyumba hii niandikie mimi." Tangu siku hiyo tulimwita baba mdogo.

Kuna jambo moja la Neema ambalo lazima nilieleze hapa. Baada ya mama kuondoka, hakukubali tena mtu yeyote atoke nyumbani mikono mitupu. Ukitaka kwenda kisimani, ulibeba kijiko chake. Ukienda shule, ulibeba kiatu chake kimoja mfukoni. Kwa akili yake ya mtoto, mama hakurudi kwa sababu hakuwa na kitu cha kurudisha. Tulipojaribu kumdanganya alilia mpaka akatapika, kwa hiyo tulizoea. Magesa alipewa kitu cha thamani kuliko vyote, yaani mdoli. Nilimtengeneza mwenyewe kwa gunzi la hindi. Nywele zilikuwa nyuzi za gunia. Gauni lilikuwa kipande cha kanga ya mama, na kipande kilichobaki nilijifunga mwenyewe kiunoni. Nilipokuwa namshona ule mdomo kwa uzi mwekundu, sindano ilikatikia ndani ya gunzi, na sikuweza kuitoa.

Kila asubuhi Neema alisimama mlangoni akimkabidhi mdoli.

"Baba mdogo, mbebe mtoto."

"Nimembeba."

"Utamrudisha?"

"Nikirudi mimi, na yeye yumo."

Magesa alimviringisha kwenye taulo lake, akaondoka naye kiwandani. Siku za mechi alimlaza nyuma ya goli, kwenye taulo hilo hilo, karibu na chupa ya maji. Wachezaji wenzake walijua, na walimtania: "Magesa, leo mama mtoto kakuachia zamu?" Naye alikuwa akijibu, "Afadhali mimi nimeachiwa. Wewe kwako unafukuzwa."

Mwenye kiwanda mpya alikuja mwanzoni mwa msimu ule. Aliwakusanya wafanyakazi uwanjani akasema hana haja ya timu ya daraja la tatu, inayokula hela bila kuonekana. Timu ikipanda daraja la pili, ataiweka, wachezaji watabaki na kazi, na waliomo kwenye kota watabaki kwenye kota. Isipopanda, atafunga hesabu. Sikuelewa mambo ya madaraja, lakini kota nilielewa. Shangazi yetu wa Magu alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba tukitolewa pale atatugawa. Mafuru aende Ukerewe kwa mjomba kuchunga na kuvua, Neema akae naye yeye, na mimi nitafutiwe nyumba ya kufanya kazi mjini. Kwa hiyo mimi nilijua kwamba kila mpira uliokuja golini kwa Magesa ulikuwa unatujia sisi watatu.

Ulikuwa msimu wa kupigana. Sijui kama mpira wa siku hizi una vurugu zile. Kwenye mwalo mmoja wa wavuvi, mashabiki wa pale waliingia uwanjani na makasia, na beki wetu wa kushoto akapigwa kasia la mgongo mpaka akakojoa damu. Mechi nyingine refa alikimbilia kwenye choo cha shimo na kujifungia, na watu wakaanza kubomoa choo tofali moja moja huku wakimwuliza kwa upole kama anaweza kufikiria upya ile penalti. Huko Magu, lori letu lilirushiwa mawe njia nzima ya kutokea mjini. Magesa alirudi na kovu jipya juu ya jicho. Neema alimpokea mdoli, akamkagua kwanza yeye mdoli, ndipo akamwangalia Magesa.

Na ilikuwapo kamati. Kila timu ilikuwa nayo, wazee wachache ambao hawakujua lolote la mpira ila ndio waliosema timu ilale wapi, ile nini, na iingie uwanjani kwa njia gani. Kwetu waliagiza mchezaji yeyote asipite lango kubwa. Wote waruke ukuta. Nilipowaona mara ya kwanza, wanaume wazima wamevaa jezi wakiparamia ukuta wa uwanja, nilidhani wanakwepa kiingilio, nikawaonea huruma kwamba hata timu haina hela ya kuingilia mechi yake. Magesa alikuwa Mkristo wa kusali kila Jumapili, lakini aliruka kama wenzake. "Nikipita langoni tukafungwa," alisema, "nitaeleza nini?"

Kulwa ndiye aliyekuwa mdomo wa mashabiki. Alikuwa fundi mitambo kiwandani, mtu wa kifua kipana, mchekeshaji, mpenda watoto. Wiki moja kabla ya siku ile tulishinda nyumbani, Magesa akaokoa penalti mwishoni, na Kulwa akawa wa kwanza kuruka ukuta kuingia. Walimnyanyua Magesa juu juu. Mikono ilikuwa mingi kiasi kwamba hakuonekana anayembeba. Alionekana tu anaelea juu ya vichwa, jezi imechanika, mguu mmoja hauna kiatu, anacheka kwa maumivu. Kulwa alituona pale juu ya jiwe akapaza sauti, "Watoto wa kipa, leo mlale mmeshiba!" Jioni alituletea sangara mzima, si panki. Sangara mwenye nyama yake.

Lile jiwe bado lipo. Mwanza mawe hayahami. Lilikuwa limeinama juu ya ukuta wa uwanja, na sisi tusio na kiingilio tulikaa juu yake tukiuona uwanja wote, ila hatukusikia maneno. Tuliona tu midomo na mikono.

Mechi ya mwisho ilikuwa na timu ya Magu. Tulihitaji sare tu. Asubuhi Magesa hakula. Alimchukua mdoli mlangoni, akajibu maswali yote ya Neema kama kawaida, kisha akanivuta pembeni.

"Nyangeta, tukifungwa, usimwambie shangazi mpaka mimi nifike. Mambo ya shangazi niachie."

"Mtafungwa?"

"Sijasema hivyo. Nimesema tukifungwa."

Kipindi cha kwanza kilikwenda kwa mateke. Wale wa Magu walikuja kwa malori, nao walikuwa na hasira zao za pamba ambayo haikulipwa. Ngumi zilipigwa kwenye kona, zikapigwa kwenye jukwaa, polisi wawili wakatembea huku na huku na fimbo zao kama watu wanaochunga ng'ombe wasio wao. Mwenye kiwanda aliondoka. Kipindi cha pili, Mafuru aliniambia, "Dada, angalia kule." Upande wa pili wa ukuta, kwenye lango la kiwanda, malori yalikuwa yanatoka yamebeba mashine zilizofunikwa turubai. Nilifikiri wanazipeleka kutengenezwa. Kumbe zilikuwa zimekwisha kuuzwa, na timu ile ilikuwa inapigania mahali ambapo pamekwisha kubomolewa. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa anatazama lango.

Goli liliingia dakika za mwisho kabisa. Lilikuwa shuti la kawaida, la chini, ambalo Magesa alikuwa akidaka hata akiwa anapiga miayo. Mpira uligonga kifundo cha nyasi, ukampita chini ya kifua. Aliendelea kulala pale kama mtu aliyeona kitu ardhini. Uwanja mzima ulinyamaza kiasi kwamba mara hii nilisikia, kule juu ya jiwe, kelele za ndege wa ziwani.

Kisha nikamwona Kulwa nyuma ya goli akiinama. Alikuwa ameshika taulo. Akalikung'uta, na kitu kidogo kikaanguka. Akakiokota, akakigeuza geuza, akakiinua juu ili wote wakione.

Watu waliruka ukuta kutoka kila upande. Nikaona mikono, ile mikono mingi, nikaona Magesa ananyanyuliwa juu ya vichwa kama wiki iliyopita. Nilicheka. Nataka niandike hivyo hivyo ilivyokuwa. Nilicheka, nikamwambia Mafuru, "Wamembeba tena," na Mafuru akapiga makofi, na Neema kule mabegani mwake akapiga makofi pia. Nilidhani labda goli limekataliwa. Nilidhani kuna sheria ambayo siijui, inayosema kwamba tumepanda daraja hata hivyo. Tukapiga makofi mpaka alipoangushwa chini kwa kichwa, na duara likafunga juu yake, na nikaona mtu akija mbio na tofali huku watu wakimpisha kwa adabu.

Tulishuka kwenye jiwe. Sikumbuki tulivyopita langoni. Hakukuwa na mtu wa kudai kiingilio. Ninachokumbuka ni vumbi na harufu ya jasho, na sauti ya kitu kinachopiga kitu chenye unyevu. Sasa nilisikia maneno.

"Ametuuza."

"Hajauza, huyu ametuloga. Mwone mdoli wake, ana sindano mdomoni."

"Nywele za nani hizi?"

"Ndiyo maana mashine zimeuzwa. Ndiyo maana watu wanakufa kota."

Waliokuwa wakisema hivyo nilikuwa nawajua kwa majina. Wengine walikuwa na barua zao za kupunguzwa kazi mifukoni, na wote walikuwa wametafuta mwaka mzima ni nani aliyewafanyia vile. Mwenye kiwanda alikuwa ameondoka na gari lake. Magesa alikuwepo.

Nilipenya kati ya miguu nikiwa nimemshika Neema mkononi, Mafuru nyuma yetu. Magesa alikuwa amepiga magoti. Jicho moja lilikuwa limefunga, na mkono wake wa kulia alikuwa ameulaza chini mbele yake kama kitu ambacho si chake. Walikuwa wamekwisha kuukanyaga. Kulwa alisimama juu yake na mdoli.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

Teke.

"Nakuuliza tena, Magesa. Kakupa nani? Nani kakutuma? Sema jina tu, sisi tutamfuata mwenyewe."

"Hakuna aliyenipa. Nimeifunga mwenyewe."

Neema akamwona mdoli. "Mtoto wangu," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeona kitu chake sokoni. Nikamziba mdomo. Mwanamke aliyekuwa pembeni akatutazama, akaitazama kanga niliyojifunga kiunoni, halafu akageuza uso kule kwenye mdoli. Ilikuwa kanga moja, na maua yale yale ya zambarau. Nilijua maana ya mtazamo ule. Katika nchi yetu, bibi kizee mwenye macho mekundu alikatwa mapanga kwa kosa dogo kuliko kuwa na sindano ndani ya sanamu. Mtoto ambaye baba na mama yake walikufa wakifuatana, na ambaye amelala nyumba moja na mtu yule, nani angemtetea?

Magesa naye alituona. Kwa lile jicho lililobaki alitutazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa na kusema maneno kwa Kijita, kwa sauti ya kuvuta, kama mtu anayelia maumivu. Mimi peke yangu pale niliyaelewa. Alisema, "Mtoe mtoto. Vua hiyo kanga. Tembeeni, msikimbie."

Waliomzunguka walikuwa Wasukuma na hawakusikia Kijita. Waliruka nyuma kwa hofu. "Anasoma. Anatulaani." Na hofu ilipowatoka, walirudi juu yake kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Maneno yale ya kutuokoa ndiyo yaliyomzidishia kipigo. Alijua yatamzidishia; hakuwa mtu mjinga.

Nilivua ile kanga nikaikunja ndani ya blauzi. Nilimbeba Neema uso wake ukiwa kifuani kwangu, nikamwambia Mafuru ashike sketi yangu, tukatembea. Hatukukimbia. Nyuma yetu nilisikia risasi za juu za polisi na watu wakitawanyika, na Kulwa akiendelea kuuliza, "Ya nani?" na sauti moja, sasa imekuwa ndogo sana, ikijibu neno lile lile.

Hakufa. Wakati fulani nilitamani niandike kwamba alikufa, kwa sababu watu huelewa kifo haraka zaidi. Alikaa hospitali mpaka mvua za vuli zikaanza. Jicho la kushoto halikurudi. Vidole vya mkono wa kulia viliungana vyote kuwa kitu kimoja, kama mzizi. Tulipokwenda kumwona mara ya kwanza, alimuuliza Neema kabla ya salamu, "Umekasirika? Sikumrudisha mtoto." Neema alifikiri kidogo, akasema, "Umerudi wewe." Kisha Magesa akatuapisha, mimi na Mafuru, hapo hapo kando ya kitanda, kwamba hatutamwambia mtu yeyote ule mdoli ulikuwa wa nani, muda wote yeye Magesa atakaokuwa hai.

"Lakini wanakuita mchawi," nilisema.

"Mimi nina umri wa kuitwa jina. Yeye bado."

Timu ilivunjwa. Kiwanda kiligeuzwa ghala. Tulipewa siku chache za kutoka kwenye kota, na shangazi akaja kutoka Magu na kapu, tayari kwa kugawa. Magesa alikuwa ametoka hospitali, mkono uko kwenye plasta. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo shangazi."

Shangazi hakuitikia. Alizungumza na mimi. "Fungeni nguo zenu. Watoto wa kaka yangu hawalali chumba kimoja na mtu aliyekamatwa na uchawi mbele ya mji mzima."

"Shangazi, hao ni watoto wangu pia," alisema Magesa. "Nitapanga chumba Mirongo. Tutakula tutakachopata."

"Utapanga kwa mkono upi?"

Aliutazama mkono wake kama vile na yeye alikuwa anataka kujua. Ndipo nikasema mimi. Nilikuwa darasa la sita, na mwalimu wangu alikuwa na matumaini na mimi kwenye hesabu. Nilisema, "Kwa mkono wangu. Shangazi, hatugawanyiki. Mafuru haendi Ukerewe, na Neema haendi popote." Shangazi alinizaba kibao, nikabaki nimesimama. Akanizaba kingine. Mafuru akaja akasimama upande wangu, na Neema, ambaye alidhani ni mchezo, akaja pia. Shangazi alilia, akaacha lile kapu na mchele uliokuwemo, akaenda kupanda basi.

Sikurudi shule. Nilikaanga mapanki kando ya barabara, pale pale Mirongo, mpaka moshi wake ukaniingia kifuani, na kikohozi kile ninacho hadi leo. Magesa alilinda maghala, alifagia, alimpeleka Neema shule akimshika kwa mkono wa kushoto. Akipita, akina mama waliwavuta watoto wao ndani. Vijana walimrushia mipira ya karatasi wakisema, "Daka, mchawi." Siku moja alimrudishia mmoja kwa kifua, vizuri sana, na kijana akasahau akapiga makofi. Lakini hakuna aliyemwajiri kwa muda mrefu, na hakuna mwanamke aliyekubali kuolewa naye. Mafuru alipomaliza darasa la saba na kupata kazi kwenye boti, Magesa alisema sasa tunatosha, akarudi kwao Majita. Tulimpelekea sukari, nguo, na wajukuu wa kuwaona. Alipokea vyote. Jambo tuliloona linamstahili hasa, yaani kusema ukweli mbele ya watu, hilo hakutaka kulisikia. "Mliapa," alisema tu.

Amekufa mwaka huu. Tulisafiri watatu, Neema akiwa na mwanawe mgongoni. Kaburini, msemaji wa familia alisema yale yanayosemwa kila msiba, kwamba mwenye kumdai marehemu, au mwenye kudaiwa na marehemu, aonane na familia. Watu walitulia kidogo kama ilivyo kawaida, msemaji akataka kuendelea na ratiba. Nikanyoosha mkono.

"Nadaiwa mimi."

"Basi utaonana na kaka yake, mama. Ni kiasi gani?"

Nikasema sikijui.

Kaka yake, mzee Masatu, alitusikiliza nyuma ya nyumba. Nilimweleza yote, mdoli, sindano, kanga, maneno ya Kijita. Neema alikuwa akilia. Alikuwa mdogo mno siku ile kukumbuka, na habari hii tulikuwa tumemwambia njiani, ndani ya basi, kwa mara ya kwanza. Mzee Masatu hakulia. Alionyesha kwa kidole kibanda kilichokuwa peke yake karibu na migomba.

"Alikaa kule. Mke wangu alimpelekea chakula, lakini hatukula naye sahani moja. Mtoto wangu hata mmoja sikumpa amshike. Na yeye alikuwa anapenda watoto, mnajua."

"Tunajua."

"Aliomba kuwashika, mwanzoni tu. Baadaye akaacha. Hilo la hapa nitalibeba mwenyewe. Lakini mimi sikumpiga. Rudini kule alikopigiwa."

Kulwa yu hai. Ana duka la vifaa vya ujenzi katikati ya Nyamagana, ni mzee wa kanisa, na tangu tulipohamia Mirongo amekuwa akinisalimia vizuri kila tunapokutana, na mimi nimekuwa nikimwitikia. Wiki tuliyorudi kutoka msibani nilikwenda dukani kwake. Neema alitaka tuende wote, nikamwambia nitatangulia mimi, ni mkubwa. Kulikuwa na watu. Nikaomba misumari ili nipate zamu ya kusimama pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huonekani siku hizi."

"Tulikuwa na msiba."

"Poleni. Wa nani?"

"Magesa. Yule kipa wa Mashudu."

Alikuwa anapima misumari kwenye mizani. Aliongeza mmoja, akapunguza mmoja. "Yule mchawi," alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja kabila la mtu. Kijana wake aliyekuwa akipanga mabati akageuka. Wateja wawili nyuma yangu wakaanza kuulizana alikuwa ni nani huyo, na Kulwa akaanza kuwasimulia, kwa mikono, jinsi kitu kile kilivyoanguka kutoka kwenye taulo. Alisimulia vizuri. Ilionekana ameisimulia mara nyingi. Aliponikabidhi misumari alikuwa bado anaongea na wao.

Nikangoja amalize. Hakumaliza. Nikatoka na misumari mkononi, na yale niliyoyaendea nikarudi nayo nyumbani.